Gari ya zamani na sheria tunazopeana vijiweni hapa Tanga

Nyumbani kwetu Ngamiani kuna Land Rover Series III ya marehemu baba imekaa chini ya mwembe miaka mingi, na tangu nianze kuihangaikia irudi barabarani kila ninayekutana naye ana sheria yake ya kunipa, kijiweni, gereji, mpaka msibani nimeshaelezwa. Nyingi sio kweli. Zingine ni kweli kabisa ila ni za nchi za watu, mtu kaziona YouTube kazibeba hivyo hivyo kazileta Tanga, na mwenye gari akizifuata anaumia.

Inayonichosha kuliko zote ni hii ya kwamba gari ikifikisha miaka 40 hailipi chochote na haikaguliwi na mtu. Jamani hiyo ni Uingereza. Kule gari ikitimiza miaka 40 mwenyewe anaweza kuomba isajiliwe kama gari ya kihistoria, kodi yake ya mwaka inakuwa sifuri, na tangu Mei 2018 nyingi hazilazimiki kwenda ule ukaguzi wa kila mwaka. Ila anayekusimulia anaishia hapo, hakwambii kwamba haiji yenyewe, lazima uombe, bima bado ni lazima, ikikutwa mbovu barabarani unashtakiwa kama mwingine yeyote, na kama uliibadilisha sana ndani ya miaka 30 iliyopita msamaha wa ukaguzi hupati. Huku kwetu gari ya 1975 na Toyota IST iliyoshuka bandarini juzi zinapita njia moja TRA, mamlaka ya mapato inayosajili magari, namba ileile ya T na tarakimu tatu na herufi tatu, kibao cha njano kama ni ya binafsi.

Nahisi kinachowachanganya watu ni road licence, ile ada ya gari ya kila mwaka. Ile ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, na ilifutwa kwa magari yote, wala sio kwa sababu gari yako ni kuukuu. Kwa hiyo unailipa kila ukiweka mafuta, na wenye Land Rover za petroli tunajua inavyokunywa.

Halafu kuna ya wikiendi. Kuna kaka mmoja gereji alinikatalia kabisa, ananiambia gari ya kale unaendesha siku moja tu kwa wiki, ukienda nayo kazini trafiki anaikamata. Nikamuuliza kaipata wapi, akanionyesha video, kweli imo, ni jimbo la Pennsylvania huko Marekani. Pale gari ya miaka 25 na zaidi ikiwa kwenye hali yake ya asili inaweza kupewa namba maalumu, na ukishaikubali hiyo namba matumizi ya kawaida yasizidi siku moja kwa wiki, ukiacha maonyesho na misafara ya klabu. Majimbo mengine yana ya kwao. Ujerumani ni tofauti tena, gari ikifika miaka 30 na ipo vizuri inapata herufi H mwisho wa namba, kodi ni ya mkupuo euro 191.73 kwa mwaka, na unaendesha siku yoyote unayotaka. Tanzania hatuna sheria ya siku. Kama ni nzima, ina bima na kadi ya usajili ipo sawa, Jumatatu asubuhi nenda nayo Kange.

Bima nayo wanasema gari ya kutoka mara moja kwa mwezi haina haja. Hapana. Ikigusa barabara hata mara moja inatakiwa iwe na bima angalau ya mtu wa tatu, maana mtoto utakayemgonga na baiskeli yake hapo barabara ya 12 haulizi gari yako inatoka mara ngapi.

Na kwa kuwa tupo karibu na Horohoro, mpakani na Kenya, watu wanachukua ya Kenya wanaifanya ya kwetu, eti huruhusiwi kuingiza gari iliyozidi miaka 8. Hiyo ni Kenya. Huku inaingia, ila unalipia uzee wake, kuna ushuru wa uchakavu ambao kwa gari ndogo ya abiria iliyozidi miaka 10 ni asilimia 30, na unakuja juu ya ushuru wa forodha. Piga hesabu kabla hujamtumia mtu hela.

Sasa tuje kwenye chuma, hapa ndo watu wanalizwa. Wanasema Land Rover haili kutu. Bodi yake ni ya aluminiamu, sawa, lakini chasisi ni chuma, na huu upepo wa chumvi wa Tanga unaila taratibu kutokea ndani wakati nje unaona rangi inang'aa. Namba ya chasisi imegongwa mbele kulia, pale springi inaposhikiwa. Yetu ilikuwa imefunikwa na grisi na tope la miaka, nikapaka dizeli nikaacha usiku kucha, asubuhi nikasugua na brashi ya waya pole pole nisiifute, nikapitisha chaki nyeupe juu yake, namba zikatokea moja moja. Kwenye kadi kuna 8, kwenye chuma ni 3. Baba alitembea nayo miaka yote hajui! Hilo linarekebishwa kwanza kabla ya jingine lolote, kadi na chuma viseme kitu kimoja. Ndo maana hata waliotoa injini ya zamani wakaweka ya Toyota ya dizeli, na hapa mjini mpo wengi tu, namba ya injini mpya inatakiwa ikaandikishwe TRA, kunyamaza kwa sababu gari inawaka vizuri sio usajili.

Ya mwisho na ndo nzito, kwamba mwenye kadi orijino mkononi ndo mwenye gari. Hapana ndugu zangu. Kadi ikiwa na jina la marehemu, mtoto mmoja hawezi kuiuza hata kama ndo alikuwa anaiendesha na mzee alimpa funguo mbele za watu. Lazima mahakama imteue msimamizi wa mirathi kwanza, na huyo ndo anasaini kubadili jina. Barua ya serikali ya mtaa haitoshi. Mnunuzi akilipa bila hayo amenunua chuma tu, akisimamishwa na trafiki anaonekana ana gari ya mtu aliyekwisha kufa.

Sisi tupo sita, tumeshakaa kikao cha familia na dada mkubwa ndo tumempendekeza asimamie, faili lipo Mahakama ya Mwanzo. Mama amesema ikitoka safari ya kwanza ni kwao Muheza, na yeye anakaa mbele.