toObject haibebi kila kilicho chini ya hati

Wengi wanaounda programu za simu hapa Mwanza huamini kwamba ukisoma hati (rekodi moja) ya Firestore, hifadhidata ya Google ya mtandaoni, na kuigeuza kuwa objekti ya programu kwa amri ya toObject, vyote vilivyo chini yake vinakuja. Si kweli.

Chukua programu ya kurekodi samaki wa mwaloni Kirumba. Hati ya mtumbwi ina uga "mmiliki", ambao ni ramani, yaani kundi la uga ndani ya uga, yenye jina na simu. Huo unageuka vizuri, mradi darasa lako la Kotlin, lugha ya kuandikia programu za Android, liwe na thamani za awali na majina yalingane herufi kwa herufi. Ukiandika "Simu" badala ya "simu", programu haianguki. Unabaki na uga mtupu na onyo kwenye logi, ambayo nani huisoma?

Ila vipimo vya kila siku, kilo za sangara na sato, ukivihifadhi kama mkusanyiko mdogo (subcollection, kundi la hati nyingine) chini ya hati hiyo, toObject haivioni kabisa. Visome kwa ombi lake. Hunaswa zaidi waliozoea Realtime Database, hifadhidata nyingine ya Google, ambako kusoma tawi ni kubeba na vitawi vyake vyote. Kuvijaza vyote ndani ya hati si dawa: ukomo wa hati moja ni MiB 1. Na ukiifuta hati, vile vipimo hubaki palepale.