Usugu wa dawa ni wa bakteria, si wa ngozi yako

"Mwili wangu umeshaizoea hii dawa." Kauli hii naisikia mno kwa watu wenye chunusi, na karibu kila mara kinachofuata ni ombi la antibiotiki kali zaidi. Usugu wa dawa ni hali ya vimelea, kama bakteria, kuendelea kuishi na kuzaana licha ya dawa iliyokuwa ikiviua au kuvizuia. Basi. Ngozi haiwi sugu, na mwili haujazoea kitu. Ndiyo maana wataalamu wa afya Tanzania hutaja jina zima, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, au UVIDA.

Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, aliliweka wazi jambo hili katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, Desemba 1945. Alitoa mfano wa bwana mmoja anayeumwa koo, akajinunulia penisilini, akatumia kiasi kisichotosha kuua bakteria lakini kinachotosha kuwafunza kuistahimili. Kisha akamwambukiza mkewe. Mke akapata nimonia, akatibiwa kwa penisilini, isifue dafu, akafa. Mwili wa yule mama haukuwa umezoea chochote. Alipokea bakteria waliokwisha kufunzwa mwilini mwa mumewe.

Kwenye chunusi, bakteria anayehusika ni Cutibacterium acnes, mkazi wa kawaida wa vitundu vya vinyweleo. Ukipaka antibiotiki kama klindamaisini au erithromaisini peke yake kwa miezi, walio dhaifu hufa, na wachache wenye mabadiliko ya kijenetiki hubaki na kujaza nafasi. Dawa hizo mbili hushika mahali palepale ndani ya bakteria, kwa hiyo anayeihimili moja mara nyingi huihimili na ya pili, na kubadilisha tyubu kunaweza kuwa kazi bure. Doksisaiklini, antibiotiki ya kumeza, nayo huwafikia bakteria wa koo na utumbo, ambao hawana habari na chunusi zako, na hao wanaweza kuhamia kwa watu unaoishi nao.

Kwa sababu hiyo mwongozo wa mwaka 2021 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unakataza kutibu chunusi kwa antibiotiki peke yake, iwe ya kupaka au ya kumeza, na unataka matibabu yapitiwe upya baada ya wiki 12. Dawa inayoandamana nayo mara nyingi ni benzoili peroksaidi, inayoua bakteria kwa oksijeni na ambayo haijaonekana kuzalisha usugu. Lakini inawasha, inakausha ngozi, inafubaza rangi ya foronya na mashati. Mgonjwa asipoambiwa hayo siku anapokabidhiwa dawa, ataiacha mapema na kubaki na antibiotiki tupu, yaani kile hasa kilichokuwa kikiepukwa. Hapo simlaumu mgonjwa. Aliyeandika dawa na aliyeitoa walipaswa kusema.

Kuna pia kuchanganya usugu na uchelewaji. Matibabu ya chunusi huhitaji wiki 6 hadi 8 kabla ya mtu kuona nafuu, kwa hiyo wiki ya tatu hakuna anayeweza kudai dawa imeshindwa. Na ile tunayoiita "chunusi sugu" ni jambo jingine tena. Inaweza kuwa inachochewa na homoni, au na krimu yenye steroidi uliyokuwa ukijipaka ili kung'arisha uso, na hapo antibiotiki haitagusa chanzo hata bakteria wako wote wakiwa dhaifu.

Kwa hiyo ukirudi kwa daktari au mfamasia, usimwambie mwili umezoea. Mtajie jina la dawa, umeitumia kwa wiki ngapi, mara ngapi kwa siku, uliipaka pamoja na nini, na krimu nyingine zote zinazopita usoni mwako, hata zile za kuazima kwa dada.