Maana ya mafungo ya kitaaluma kwa mawakili

Mafungo ya kitaaluma ni mafunzo ya siku mbili tatu ambayo mawakili huyafanyia mbali na ofisi na mahakama, wakilala papo hapo, ili kuzungumzia maadili ya kazi yao pamoja na afya na maisha ya wakili mwenyewe. Ni sehemu ya mafunzo endelevu, yaani masomo ambayo wakili hana budi kuendelea nayo hata baada ya kuapishwa. Nchini Kenya anatakiwa kupata pointi tano kila mwaka, na cheti cha kumruhusu kuhudumu huisha tarehe 31 Desemba, kwa hivyo Novemba ikifika wapo wanaohangaika kutafuta semina yoyote ile, almuradi ina pointi.

Kinachotofautisha mafungo na semina ya kawaida ni muda na umbali. Semina ikifanyika mjini Mombasa asubuhi, wakili huingia, hutia sahihi kwenye daftari la mahudhurio, kisha simu ya karani humrudisha mahakamani kabla ya chai ya saa nne. Akiwa Diani, ng'ambo ya feri ya Likoni, hatoki kirahisi namna hiyo. Likizo ya Mahakama Kuu, inayoanza tarehe 1 Agosti hadi 15 Septemba, hufaa zaidi, maana kesi za kusikizwa huwa zimepungua.

Huenda mtu akauliza maadili na afya vimekutanishwaje. Jibu liko katika fedha za mteja. Tuseme mteja ananunua kiwanja Kisauni, na asilimia kumi ya bei imewekwa kwa wakili ikisubiri uhamisho wa hati. Kanuni za hesabu za mawakili zinataka fedha hizo zikae katika akaunti ya wateja, zisichanganywe na za ofisi. Wakili anadaiwa kodi ya miezi miwili, halali usingizi, hajibu simu, na anajiambia kwamba atakopa kidogo na kurudisha Ijumaa. Sheria anaijua barabara. Kumsomea kifungu tena hakumsaidii. Mafungo yaliyoandaliwa vyema humwekea mezani karatasi ya hesabu ya namna hiyo, tarehe kwa tarehe, na kuwataka wanakikundi waseme ni siku gani angemwendea mwenzake kuomba msaada, na kwa nini hakwenda.

Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na kuhusisha mawakili wapatao 13,000 ulionyesha kuwa takriban mmoja kati ya watano alikuwa na tatizo la ulevi, na asilimia 28 walikuwa na dalili za mfadhaiko. Takwimu hizo ni za huko na hazifai kubandikwa Mombasa. Hata hivyo, zinatosha kutilia shaka mafungo ambayo mada yake ni afya ya wakili na kila usiku wake huishia baa.

Kuna jambo jingine ambalo waandaaji hulipitia juu juu, nalo ni siri. Wajibu wa kutunza siri za mteja hausimami kwa sababu mawakili wamekaa peke yao ufukweni. Anayetoa mfano wa kesi aondoe majina na chochote kinachoweza kumtambulisha mteja, hasa katika mji ambao watu wanajuana kwa mitaa na koo. Aidha, wakili kijana hawezi kukiri kwamba amelemewa na kazi mbele ya mwajiri wake aliyeketi kundi moja naye. Ni afadhali wagawanywe, na mshauri nasaha aletwe kutoka nje ya taaluma, asiyepeleka taarifa kwa mwajiri wala kwa chama cha mawakili.

Anayetaka kuyapima mafungo kabla ya kulipa na aangalie ratiba: ikiwa afya imetengewa nusu saa ya mazoezi ya viungo alfajiri na maadili yameachiwa hotuba ya kufunga, hayo ni matembezi yenye pointi.