Kumchapa paka hakumfundishi kutopanda mezani

Jamani hii habari ya kwamba paka akipanda mezani umchape kandambili au ummwagie maji ndo atakoma, tumeikuta toka kwa bibi zetu na mpaka leo watu wanaiamini, ila sio kweli. Paka haelewi kwamba meza ndo kosa, anachoelewa ni kwamba wewe ukiwepo kuna kipigo, kwa hiyo akikusikia anaruka chini, ukitoka kwenda dukani anarudi palepale. Halafu anaanza kukuogopa wewe, wengine mpaka wanakojoa ovyo ndani kwa wasiwasi, inaniuma sana kwa kweli.

Paka kwa maumbile anapenda juu, anaona kila kitu na anajisikia salama, na juu ya meza ndo kuna harufu ya samaki. Wangu hapa Sinza alikuwa habanduki kwenye kaunta ya jiko, kumbe kila nikiparua samaki wa soko la Feri magamba yanabaki kule nyuma ya sinki. Siku hizi nafuta na sabuni hapohapo, sufuria nafunika, na nimemuwekea stuli ndefu dirishani ina kanga ya zamani juu. Akikaa kwenye stuli nampa dagaa mmoja saa ileile, ukichelewa hata dakika moja haunganishi tena dagaa na stuli, akipanda kaunta namshusha taratibu bila kelele. Na nyumba nzima mfanye hivyohivyo, maana mtoto akimpa mwiba mezani hata mara moja tu, ataendelea kujaribu bahati yake kila siku.