Kocha mkuu wa futiboli ya vyuo Marekani: yanayosemwa na yalivyo kweli

Nikiwaambia watu nafuatilia futiboli ya vyuo Marekani, ile ya helmeti na mpira wenye umbo la yai, wengi wanacheka, na wanaobaki kunisikiliza wanakuja na maneno yaleyale kuhusu makocha wake. Basi ngoja niyajibu hapa nisiwe narudia kila siku. Nitamtumia sana Nick Saban, kocha wa zamani wa Chuo Kikuu cha Alabama, maana safari yake inayavunja karibu yote.

"Kocha wa chuo si ni mwalimu wa michezo tu?"

Hapana jamani. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Alabama pale Tuscaloosa unaingiza watu laki moja na kidogo, na ule wa Michigan unaupita. Chukua Mkapa siku ya Simba na Yanga umejaa, halafu ongeza watu elfu 40, na hapo tunaongelea chuo, wanafunzi wenye mitihani. Kocha mkuu ana wasaidizi lundo, ana watu wa video, wa mazoezi ya viungo, wa chakula, wa kuhakikisha vijana wanaingia darasani, yaani ni kama mkurugenzi wa kampuni. Ndio maana kwenye majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote sio gavana wala daktari, ni kocha wa chuo, wa futiboli au wa basketi. Saban mwishoni alikuwa anavuta zaidi ya dola milioni 11 kwa mwaka.

"Kumbe wanakula kodi za wananchi!"

Nusu kweli. Vyuo vikubwa, idara ya michezo kwa kiasi kikubwa inajilisha yenyewe kwa hela za TV, tiketi na matajiri waliosoma pale ambao hawawezi kulala timu ikifungwa. Vyuo vidogo ndio kuna kilio, kwa sababu huko michezo inabebwa na ada za wanafunzi, hata yule ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani.

"Lazima uwe ulikuwa staa mwenyewe"

Hii ndio inayonichosha. Mike Leach, Mungu amrehemu, hakucheza futiboli chuoni hata dakika moja, alicheza raga, akasoma sheria akapata shahada, halafu badala ya kuvaa joho la uwakili akaenda kufundisha futiboli kwenye vyuo vidogo, mpaka Finland alifika mwaka 1989, na mwisho wake staili yake ya kurusha mpira kila saa imeigwa nchi nzima.

Au John Gagliardi. Akiwa na miaka 16, kocha wa shule yao Colorado akaitwa jeshini wakati wa vita vya pili, timu ikawa inataka kufa, kijana akasema nitafundisha mimi. Hakuacha tena mpaka 2012. Alishinda gemu 489, hakuna kocha wa chuo aliyefika hapo, na nyingi alizishinda akiwa Saint John's kule Minnesota, chuo cha daraja la tatu ambalo mchezaji hapewi skolashipu ya michezo. Mazoezini kwake hakuna kuangushana, hakuna filimbi, na wachezaji walikuwa wanamwita John. Sio "kocha", John! Hebu fikiria mzee wa umri wa babu yako umwite jina lake kavukavu.

Saban mwenyewe alicheza kidogo, beki pale Kent State, ila ukocha haukuwa mpango wake. Alimaliza masomo, mkewe Terry bado anasoma, kocha Don James akamwambia si ubaki hapa unisaidie. Kama kuna shule ya ukocha alipita basi ni kituo cha mafuta cha baba yake West Virginia, alikokuwa anaosha magari, na aliyachukia yale ya rangi nyeusi na bluu iliyokolea kwa sababu mchirizi mmoja tu wa maji ukibaki unaonekana, na mzee akiuona anarudia gari zima. Hapo ndipo alipotoka na ile tabia ya kutovumilia kosa hata dogo.

"Ni ngazi, unapanda mpaka NFL, ligi ya kulipwa"

Ngazi gani! Angalia: Kent State, Syracuse, West Virginia, Ohio State, Navy, Michigan State, Houston Oilers, Toledo, Cleveland Browns, Michigan State tena, LSU, Miami Dolphins, halafu ndio Alabama 2007. Oilers, Browns na Dolphins ni timu za NFL, zingine zote ni vyuo. Kila koma hapo ni familia inafungasha masanduku. Toledo alikaa msimu mmoja, gemu 11 akashinda 9, akaondoka.

Na NFL haikuwa kilele, ilikuwa shimo. Alitoka LSU ambako alishachukua ubingwa wa msimu wa 2003, akaenda Miami na ndani ya misimu miwili akashinda 15 akapoteza 17. Dolphins walikuwa wanamwangalia Drew Brees, mrushaji mpira, bega lake limetoka kufanyiwa operesheni, wakasita wakamchukua mrushaji mwingine, Daunte Culpepper, Brees akaenda New Orleans na baadaye akabeba Super Bowl, ubingwa wa NFL. Desemba 2006 Saban akawaambia waandishi hatakuwa kocha wa Alabama. Januari akatua Alabama. Watu wa Miami hawajamsamehe mpaka leo na mimi nawaelewa.

Halafu wanaodhani alifika tu akaanza kubeba makombe, msimu wake wa kwanza alifungwa 21-14 na Louisiana-Monroe. Nyumbani. Makombe yakaanza na msimu wa 2009, yakafika sita, ukijumlisha la LSU ni saba.

Kuna anayenifurahisha zaidi kwenye hili, Curt Cignetti. Alikuwa msaidizi wa Saban pale Alabama, kazi ambayo watu wanaiota, mwaka 2011 akaiacha akaenda kuwa kocha mkuu wa chuo cha daraja la pili Pennsylvania, alikowahi kufundisha baba yake, kwa mshahara mdogo zaidi, umri unakaribia 50. Ukimwambia mtu unafanya hivyo anakupeleka kwa mganga. Akapita vyuo vya Elon na James Madison, mwisho wa 2023 Indiana wakamchukua, chuo kilichozoea kufungwa, na 2024 akaanza na ushindi kumi mfululizo, wakati kabla ya hapo Indiana hawakuwahi hata kushinda gemu kumi ndani ya msimu mzima.

"Akifukuzwa ndio basi tena"

Kocha mmoja anaitwa Jimbo Fisher, chuo cha Texas A&M, Novemba 2023. Jumamosi ameshinda 51-10, Jumapili kapigwa chini, na chuo kikabaki kinadaiwa zaidi ya dola milioni 75 za kuvunja mkataba. Wanaoumia ni wasaidizi, bosi akiondoka na wao wanasambaratika, wana watoto shule.

Lane Kiffin naye, 2013, chuo chake USC wamepigwa 62-41 na Arizona State, ndege inatua Los Angeles usiku wa manane, anaitwa pembeni hapohapo uwanja wa ndege anaambiwa kazi imeisha. Miezi michache baadaye yuko kwa Saban anapanga mashambulizi, na baadaye akawa kocha mkuu tena.

"Kazi yake ni mbinu siku ya gemu"

Gemu za kawaida ni 12 tu kwa mwaka. Siku zilizobaki anatafuta vijana, amekaa sebuleni kwa mama wa mtu anasifia chakula. Toka Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo yanayotumia jina na sura zao, wanahama chuo kirahisi, na toka Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa, mpaka karibu dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka ule wa kwanza. Kwa hiyo unamsajili kijana, halafu kila mwaka unamsajili upya asikukimbie.

Mbinu zenyewe nazo, kumbuka Novemba 2013 Alabama na Auburn wako sare 28-28, saa imeisha, Saban anang'ang'ania kuna sekunde moja imebaki, anapewa. Anamtuma mpigaji apige mpira langoni toka yadi 57, mpira unakosa nguvu, Chris Davis wa Auburn anaudaka mbele tu ya lango na kukimbia nao uwanja mzima mpaka upande wa pili. 34-28. Sekunde kaiomba mwenyewe!

"Kazi kama ile mtu haiachi mpaka atolewe"

Januari 10, 2024 Saban alikuwa anafanya usaili wa wasaidizi wapya, na kikao cha timu ni saa kumi jioni. Kwa maelezo yake, zikiwa zimebaki dakika tano alikuwa bado kwenye kiti chake anaangalia saa, hajajua atoe hotuba ipi. Akaingia akawaambia vijana anastaafu. Siku mbili baadaye Kalen DeBoer akatangazwa kuchukua nafasi yake, na Caleb Downs, beki wao bora chipukizi, kabla mwezi haujaisha alishakubali kwenda Ohio State.