Je, wajua kwa nini ukumbi mdogo wa muziki huamsha mtaa kuliko tamasha la uwanjani?

Katikati ya Tanga, upande wa bandarini, saa tatu usiku siku ya kazi, mabenki yamefungwa tangu jioni, maduka yamepigwa kufuli na walinzi wamejinyoosha barazani juu ya maboksi. Ukivuka reli ukaingia Ngamiani, kwenye barabara zake za namba, saa hiyohiyo mishkaki iko motoni na muuza kahawa bado anagonganisha vikombe. Mji ni mmoja, lakini nusu yake imelala. Ukumbi wa muziki ukifunguliwa kwenye mtaa wa namna hii, watu husema utaufufua kwa kuwa muziki huvuta watu. Ni kweli, ila jibu hilo halitoshi, maana hata mnada huvuta watu na kesho yake mtaa unabaki na takataka tu. Kazi kubwa ya ukumbi ni kuubadilishia mtaa saa zake.

Mtaa wa ofisi una wateja tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mwenye fremu analipa kodi ya mwezi mzima, mchana na usiku, lakini anauza kwa saa tisa. Mtaa ukiwa hauna wakazi ghorofani, hakuna wa kushuka kununua mkate jioni, kwa hiyo hakuna sababu ya kuacha taa inawaka. Taa zikizimwa, mpita njia anazunguka njia nyingine, na hata duka ambalo lingependa kukesha linakosa wateja. Ukumbi huingia katika pengo hilo. Kati ya saa moja na saa nne usiku huleta watu mia na kitu ambao wamekwisha kutoka nyumbani, wana hela kidogo mfukoni, na wana njaa.

Usingizi huo una sababu zake. Tanga ya katikati ilikua kwa bandari, kwa reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893, na kwa mkonge ulioletwa mwaka huohuo. Nyuzi za plastiki zilipoangusha bei ya katani, fedha za mji nazo zilipungua. Kisha mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Mpangaji asiyejua atakaa miaka mingapi hapaki chokaa, sembuse kubadilisha paa. Mtu anayetafuta jengo la ukumbi katikati ya mji aanze na swali la mkataba kabla ya swali la spika: mkataba wa mwaka mmojammoja hautoshi hata kurudisha gharama za nyaya za umeme.

Muziki wenyewe Tanga haukopi kwa mtu. Bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilitoka hapa, na Black Star na Lucky Star ndizo zilizoipa taarabu sura ya Kitanga, yenye magitaa ya umeme, besi na ngoma za bongo mahali pa safu ndefu ya fidla. Bendi za aina hiyo ziliishi kwa sababu zilikuwa na mahali pa kupiga kila wiki. Bendi isiyo na usiku wake wa kudumu haifanyi mazoezi, na isiyofanya mazoezi hubaki kusubiri harusi. Harusi ina faida yake, na kutunza kunamlipa mwimbaji papo hapo, lakini fedha ya harusi haifiki kwenye fremu za mtaa wa mjini.

Sasa hesabu. Chukua ukumbi wa watu 150, unaofungua siku tatu kwa wiki na kuingiza wastani wa watu 90. Ukifanya kazi wiki 44 kwa mwaka (nyingine tunaziachia Ramadhani na matengenezo), umeleta watu 11,880 mtaani. Tamasha la uwanjani la watu 3,000, likifanyika mara mbili, limeleta 6,000, tena kwa usiku mbili tu. Muuza chipsi hawezi kuajiri msaidizi kwa ajili ya usiku mbili. Kwa usiku 132 anaweza, na atanunua friji. Tofauti hiyo huonekana hata kwa majirani zetu. Bagamoyo ina tamasha la kila mwaka la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapo, na siku za tamasha mji hupata wageni, lakini mwenye mgahawa hawezi kupanga mwaka mzima kwa siku hizo chache. Zanzibar, tamasha la muziki la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004 na kwa miaka mingi limejaza Ngome Kongwe. Lakini chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002 katika jengo la forodha ya zamani pale Mizingani, kilileta kitu ambacho tamasha haliwezi: wanafunzi wanaoingia na kutoka na magitaa kila siku. Kwa hiyo ukumbi wenye akili hukodisha jukwaa mchana kwa mazoezi na mafunzo, hata kwa bei ya kutupa.

Jengo ndilo huua mipango mingi. Nyumba za kale za mawe ya matumbawe zinavutia macho, lakini dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazivuki zaidi ya mita mbili na nusu au tatu. Ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba kama ushoroba. Usibomoe ukuta wa kati ili kupata nafasi, kwa maana huo ndio umebeba ghorofa, na usiweke wachezaji juu ya sakafu ya boriti. Ghala la zamani au jengo la sinema lenye paa pana litakufaa zaidi, hata kama halina mlango wa kuchonga.

Tuseme umepata ghala la mita 10 kwa 15, lenye kimo cha mita 4. Ujazo wake ni mita za ujazo 600. Kuta za plasta na sakafu ya saruji hazimezi sauti karibu kabisa, na kwa kanuni ya Sabine (0.161 mara ujazo, gawanya kwa eneo linalomeza sauti) mwangwi ndani ya chumba kitupu unaweza kukaa zaidi ya sekunde 6. Mwimbaji wa taarabu, ambaye kila neno lake linasubiriwa, atasikika kama tangazo la stendi. Lengo ni sekunde 1 hivi. Watu 120 wakiingia, miili na nguo zao humeza zaidi ya nusu ya kinachohitajika. Kilichobaki kinahitaji mita za mraba 50 hadi 60 za paneli laini. Hapa Tanga ina bahati: nyuzi za katani zikishindiliwa unene wa sentimeta 5 ndani ya fremu ya mbao, zikafunikwa kitambaa chepesi na kuachiwa nafasi ya sentimeta 5 kutoka ukutani, humeza sauti za kati na za juu vizuri. Ziwekwe zaidi ukuta wa nyuma, unaotazamana na jukwaa, na pande mbili kuanzia usawa wa kifua kwenda juu.

Katani inashika moto. Lazima ilowekwe dawa ya kuzuia moto, kama mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki, ikauke kabisa, na kipande kijaribiwe nje kwa kiberiti kabla ya kufunga hata paneli moja. Wanaokimbilia sponji ya magodoro wajue habari ya Santa Maria, Brazil. Januari 2013, fataki ya jukwaani iliwasha sponji ya darini katika klabu ya Kiss, moshi wenye sumu ukajaa, njia ya kutokea ilikuwa moja, na watu 242 wakafa. Weka milango miwili ya kutokea, pande tofauti, inayofunguka kwenda nje, kila mmoja wenye upana usiopungua mita 1.2. Upana huo hupitisha watu kama 80 kwa dakika bila kusukumana. Mlango wa zamani unaofunguka kwa ndani ubaki wazi na ufungwe kwa kulabu muda wote wa shoo, na kizingiti chake kiwekewe mbao ya mteremko, kwa sababu mtu wa kwanza kujikwaa huziba njia ya wote.

Besi ni mtihani mwingine. Wimbi la sauti ya hezi 60 lina urefu wa karibu mita 6, kwa hiyo paneli ya sentimeta 5 halioni. Litapita darini na madirishani hadi chumbani kwa jirani. Mbinu ni za kawaida: spika za besi ziinuliwe kutoka sakafuni na kuwekewa raba chini, zielekezwe mbali na nyumba za watu, mlango wa barabarani uwe na kijumba chenye mlango wa pili, na bati lipate dari nzito chini yake. Dari hiyo inasaidia pia masika, mvua inapopiga bati hadi gitaa lisisikike. Ila ukifunga kila tundu, joto linakuja. Mwili mmoja hutoa joto la wati 100 hivi, kwa hiyo watu 150 ni kilowati 15 ndani ya chumba, mjini Tanga, mwezi Februari. Acha njia za hewa zenye kona mbili na paneli ndani, upande wa uani. Hewa hupita kona, sauti za juu nyingi hufia humo.

Kuhusu vibali, kuna leseni ya biashara ya Halmashauri ya Jiji, kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), ukaguzi wa Zimamoto, malipo ya hakimiliki ya nyimbo zinazopigwa, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, inayosimamia viwango vya kelele. Yote yafanyike kabla ya kununua mitambo.

Ratiba ndiyo humfanya jirani awe mteja au mlalamikaji. Shoo ianze baada ya Isha, kama saa mbili na robo, ili majaribio ya vipaza sauti yasigongane na adhana wala swala. Imalizike saa nne na nusu. Wenye baa watacheka, lakini shoo inayoisha mapema ndiyo huleta kina mama na wazee, na ndiyo huacha watu wakiwa bado na njaa na nguvu ya kukaa barazani wakala. Kiingilio kikijumuisha chakula cha ndani, umemwua mama lishe wa nje. Bora ukumbi uuze vinywaji tu na chakula kibaki mtaani. Mlango na sehemu ya kukatia tiketi viwe barabarani, penye taa, si uani, na bajaji zipewe mahali pa kujipanga. Kosa la kawaida ni kujenga ukumbi uliogeuzia mtaa mgongo: gari linaingia getini, linatoka getini, na fremu za jirani hazipati hata mteja wa peremende. Ramadhani, jukwaa linyamaze. Kodi ya mwezi huo iwekwe akiba kidogokidogo kutoka kila shoo, na Idi ndiyo itakayojaza ukumbi.

Hatari ya mwisho huja na mafanikio. Mtaa ukichangamka, kodi hupanda, mtu anajenga nyumba ya wageni jirani, kisha wageni wake wanalalamikia ngoma. Jimbo la Victoria, Australia, liliweka kanuni mwaka 2014, na Uingereza ikafuata mwaka 2018, kwamba anayekuja baadaye ndiye agharimie kinga ya kelele: hoteli mpya ikijengwa kando ya ukumbi, hoteli ndiyo iweke madirisha mazito. Hapa kwetu jambo hilo linaweza kuandikwa ndani ya mkataba wa pango na katika muhtasari wa kikao cha serikali ya mtaa, mapema, wakati mtaa bado hauna anayeugombea.

Na ukitaka kujua kama ukumbi umefanya kazi, usihesabu watu usiku wa shoo. Nenda Jumanne isiyo na shoo, saa tatu usiku, uhesabu fremu zilizo wazi.