Foleni na Saa za Kompyuta Kuu: Ombi Lako Ndilo Linaloamua

Mtafiti wa Mwanza anayekokotoa mwenendo wa upepo na mawimbi ya Ziwa Victoria, au anayelinganisha vinasaba vya vimelea vya malaria, hufika mahali ambapo kompyuta ya mezani haimfai tena. Ziwa lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, na modeli ya hali ya hewa hulikata eneo hilo katika miraba midogo. Ukipunguza upana wa mraba kutoka kilometa 4 hadi 2, kazi ya kukokotoa huongezeka takriban mara nane, kwa kuwa idadi ya miraba inakuwa mara nne na kila hatua ya muda nayo hulazimika kufupishwa kwa nusu. Hapo ndipo kompyuta kuu inapohitajika, nayo karibu kila mahali ni mali ya kutumiwa kwa zamu na watu wengi.

Maswali yanayotufikia mara kwa mara kutoka kwa watafiti wa Kanda ya Ziwa ni mawili. La kwanza ni kwa nini kazi ya kukokotoa ambayo mtu ameituma jana kwenye mashine bado imekaa foleni ilhali ya mwenzake iliyotumwa leo asubuhi imeshaanza. La pili ni kwa nini mgao wake wa saa za kutumia mashine umekwisha mapema kuliko ilivyotarajiwa. Yote mawili hujibiwa na mistari michache iliyoko juu ya faili la kazi, mahali mtumiaji anapoandika anataka nini.

Kompyuta kuu ni mkusanyiko wa kompyuta nyingi, ziitwazo nodi, zilizounganishwa kwa mtandao wa kasi. Kila nodi ina viini kadhaa vya kukokotolea na memori yake. Mtumiaji, awe Nyegezi au Bukoba, huingia kwa intaneti kwenye nodi ya mapokezi, akaandika faili linalotaja idadi ya viini, kiasi cha memori na muda wa juu kabisa, kisha akalikabidhi kwa programu ya kupanga kazi. Vituo vingi vya kompyuta kuu hutumia programu iitwayo Slurm, iliyoanza kutengenezwa katika maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani. Vingine, kama kile cha Cape Town chenye mashine iitwayo Lengau iliyozinduliwa mwaka 2016, hutumia nyingine iitwayo PBS. Misingi yake inafanana.

Foleni hii haiendi kwa kigezo cha aliyetangulia kufika peke yake. Muda wa kusubiri huhesabiwa, lakini huhesabiwa pia ni kiasi gani kikundi chako kimetumia siku za karibuni. Katika Slurm matumizi ya nyuma hufifia kadiri muda unavyopita, na kituo kisipobadilisha mpangilio wa kawaida, uzito wake hupungua kwa nusu kila baada ya siku 7: saa 10,000 zilizotumiwa leo zitahesabiwa kama 5,000 wiki ijayo na 2,500 wiki inayofuata. Binafsi nauona utaratibu huu kuwa wa haki kuliko foleni ya kawaida, kwa sababu mwanafunzi wa uzamili mwenye kazi moja hafunikwi na mradi mkubwa uliotuma kazi mia tatu usiku.

Lipo jambo la pili, ambalo ndilo huwachanganya wengi. Kwenye kivuko cha Kamanga, lori likisubiri nafasi ya kutosha, pikipiki huweza kuingizwa kwenye upenyo uliobaki. Programu ya kupanga kazi hufanya hivyo, ila kwa sharti la muda. Kazi inayohitaji nodi 40 ikishika nafasi ya mbele, nodi hutengwa kwa ajili yake kadiri zinavyoachwa, na wakati huo kazi ndogo huruhusiwa kuzitumia mradi zitamalizika kabla ya saa ya kazi kubwa kuanza. Mtu aliyeomba saa 6 hupita kwenye pengo la saa 8. Aliyeomba saa 72 kwa kazi ya saa 5, eti kwa usalama, hawezi kupita, kwa kuwa programu inaamini kile alichoandika. Fanya jaribio dogo kwanza, pima muda, ongeza theluthi moja, kisha tuma. Katika Slurm, amri ya squeue itakuonyesha sababu ya kusubiri: neno "Priority" maana yake wapo walio mbele yako, na "Resources" maana yake zamu imefika ila nodi bado hazijapatikana.

Tuje kwenye saa. Kipimo cha kawaida ni saa za viini, yaani idadi ya viini ulivyotengewa mara muda ambao kazi imedumu: viini 48 kwa saa 10 ni saa 480. Katika vituo vingi unatozwa muda uliotumika kweli, si ule ulioomba, hivyo kuzidisha muda kunakuchelewesha tu bila kukugharimu. Viini na memori ni habari nyingine kabisa. Ukitengewa viini 24 na programu yako ikatumia kimoja, unatozwa 24, maana hakuna mwingine aliyeweza kuvigusa. Vituo vingi huhesabu na memori vilevile: kwenye nodi yenye viini 24 na gigabaiti 128, anayeomba kiini kimoja na gigabaiti 64 ameshika nusu ya nodi, na atatozwa kama mwenye viini 12. Wenzetu wa vinasaba ndio hasa huumizwa na hili, na mara nyingi dawa yake ni amri moja tu ya Slurm, seff pamoja na namba ya kazi iliyokwisha, ambayo huonyesha memori iliyotumika hasa.

Kuongeza viini nako kuna kikomo, kama alivyoeleza mbunifu wa kompyuta wa Marekani, Gene Amdahl, mwaka 1967. Chukua kazi ya saa 100 kwa kiini kimoja, ambayo asilimia 5 yake haiwezi kugawanywa kati ya viini. Kwa viini 16 itachukua kama saa 11 na kutozwa saa za viini 175. Kwa viini 64 itachukua saa 6 na nusu, na itatozwa takriban 415. Umeokoa saa nne na nusu kwa bei zaidi ya maradufu. Kama tahadhari ya dhoruba inasubiriwa na wavuvi jioni hiyo hiyo, bei hiyo ni halali kabisa. Kama ni sura ya tasnifu, viini 16 vinatosha.

Kazi inayokatwa kwa kupitisha muda wake hutozwa pia, hata kama haikuacha tokeo lolote. Kwa hiyo kazi ndefu iandikwe ili ihifadhi hatua iliyofikiwa kila baada ya muda fulani, na iweze kuendelea kutoka hapo.

Mwisho, angalia tarehe ya mgao wako. Vituo kadhaa hutoa saa kwa robo mwaka na kuzifuta zisipotumika, jambo linalofanya foleni ivimbe katika wiki za mwisho za kila robo. Mwenye kazi kubwa aitume katika mwezi wa kwanza, na ombi la kuongezewa saa liambatane na matokeo ya seff ya kazi zilizopita, kwa kuwa hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho wasimamizi wa mashine huuliza.